Tunaosoma uzamili kwa masafa: ukipewa dakika 10 mbele ya kamati ya chuo, ungedai nini kwanza?

Mwakilishi_MwakaWaPili:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa waliosoma kwa masafa wenyewe au wanaofanya kazi upande wa chuo, maana maneno ya jumla jumla ninayo ya kutosha.

Niko mwaka wa pili masta ya masafa, kozi nimemaliza, sasa nahangaika na propozo. Wenzangu wamenichagua niwasemee kwenye kikao cha kamati ya masomo ya uzamili, nimewekwa kwenye ajenda dakika 10, na kwa ninavyowajua watu wa vikao nikienda na malalamiko 20 yataandikwa yote vizuri kwenye muhtasari halafu basi, yataishia hapo. Nataka niende na mawili, yakizidi sana matatu, ila yawe yale ambayo yakirekebishwa mtu anayasikia kweli.

Niwape picha kidogo ya nilikopita. Semista iliyopita portali ilinigomea kusajili. Nikaandika imeili ofisi ya uzamili, palepale likarudi jibu la mashine, "ombi lako limepokelewa", na namba ndefu ya kumbukumbu. Siku ya tisa ndo nikaandikiwa na mtu: "Tafadhali fika ofisini na nakala halisi ya fomu yako." Nifike ofisini! Kwenye fomu ya kujiunga kuna kisanduku cha aina ya masomo, nilitia tiki kwenye masafa, na fomu hiyo wanayo wao. Nikajibu kwa heshima kwamba niko mbali, naomba nitume skani. Kimya. Wiki mbili zikapita, dedilaini ya kusajili ikapita nayo, akaunti ikafungwa, na akaunti ikifungwa na maktaba inafungwa, kwahiyo nimekaa na propozo nusu na makala ambazo juzi tu nilikuwa nazisoma sasa kila nikibofya naletewa ukurasa wa kulipia.

Aliyekuja kunitoa ni dada mmoja wa idara nyingine kabisa, mwenzangu alikuwa na namba yake. Akapiga simu moja humohumo ndani, dakika chache, limeisha. Na hapo ndo panaponiuma, kwamba lilikuwa jambo la simu moja ila mimi limenila mwezi mzima. Kwenye grupu letu kuna wawili walikwama hivihivi na hawakuwa na namba ya yule dada. Mmoja hajarudi masomoni mpaka leo na sidhani kama kuna mtu chuoni anajua kwamba hayupo.

Sasa nyie mngeanza na lipi?

---

Mkutubi_wa_Nje:

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni mkutubi, dawati langu ndo hilo la wanafunzi walio nje ya kampasi, na hiyo ya maktaba kufungwa naijua kwa ndani, ngoja nikueleze inavyotokea ili ukiingia kikaoni usije ukazungushwa na mtu wa TEHAMA.

Chuo kinanunua leseni ya majarida kwa mchapishaji. Mchapishaji hakujui wewe, anachokijua ni anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake. Ukiwa ndani ya kampasi mtandao wa chuo unakutambulisha wenyewe, unabofya makala inafunguka. Ukiwa nje lazima upitie mlango wa katikati, kuna vyuo wanatumia EZproxy, wengine OpenAthens, wengine VPN, vyovyote iwavyo unaweka jina na pasiwedi ya chuo halafu ule mlango unamwambia mchapishaji huyu ni wetu, mfungulie. Sasa huo mlango mara nyingi unasoma orodha ya wanafunzi hai inayotoka kwa msajili. Orodha ikisema hujasajiliwa, unafungiwa, na wala hakuna binadamu aliyekaa akaamua kukufungia. Mwanafunzi wa kampasi likimpata hilohilo anajibeba mpaka maktaba, anakaa kwenye kompyuta ya pale, anasoma. Wewe huna pa kwenda.

Kwahiyo usiende kuomba "huduma za maktaba ziboreshwe", watakubali wote na hakuna kitakachobadilika. Omba kitu chenye namba: usajili ukichelewa, akaunti ya maktaba na imeili vibaki wazi siku 60. Hilo halihitaji kununua chochote, ni mpangilio kwenye mfumo na mtu wa kuuidhinisha. Na waongezee wale ambao wameshawasilisha tasnifu wanasubiri watahini, maana nimeshuhudia mtu anarudishiwa masahihisho anaambiwa aongeze marejeo ya karibuni wakati akaunti yake ilishazimwa siku aliyowasilisha. Anaongezaje?

Kwa sasa wakati mnasubiri, na hii waambie na wenzako kwenye grupu: ingia Google Scholar, kwenye mipangilio kuna sehemu ya viungo vya maktaba, tafuta chuo chako ukiwekee alama, kama maktaba yenu imejiunga makala ambazo chuo kimelipia zitakuwa na kiungo pembeni. Weka na Unpaywall kwenye brauza, hiyo ni bure, inakutafutia nakala halali iliyowekwa wazi na mwandishi au chuo chake. Marejeo yatunze kwenye Zotero, ipo toka 2006, ya bure, ila nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili kwao ni MB 300 tu kwahiyo PDF ziweke kwenye mashine yako. Na tuandikieni jamani! Watu wengi hawajui kwamba mkutubi anaweza kukuskania sura moja ya kitabu ambacho kipo rafuni tu na hakina nakala ya mtandaoni. Mimi nikipata maombi mawili kwa wiki ni mengi, na wanafunzi wa masafa tunao mamia.

---

Supavaiza_Mmoja:

Nami niseme kutoka upande wa wasimamizi, na sitajitetea.

Nilikuwa na mwanafunzi wa PhD wa masafa, mchapakazi, akanyamaza miezi mitano. Nikajua anaandika. Nilipokuja kumpigia akaniambia mwalimu nilikuwa naona haya. Nikarudi kuangalia nilichomtumia mara ya mwisho: sura ya pili, nyekundu toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na imeili ya mstari mmoja, "angalia maoni yangu". Ile sura ilikuwa nzuri! Hoja yake ilikuwa imesimama, makosa yalikuwa ya marejeo na mpangilio. Angekuwa wa kampasi angenikuta kwenye korido nikamwambia "kazi nzuri, malizia marejeo", sekunde kumi, angeondoka anacheka. Wa mbali kilichomfikia ni ule wekundu peke yake, akakaa nao miezi mitano.

Toka siku hiyo kila sura naisindikiza na sauti. Nachukua simu narekodi dakika saba nane, naanza na kilichosimama, halafu mambo matatu makubwa ya kurekebisha, halafu yale madogo namwambia yapo pembeni ya ukurasa asiyaogope. Faili la sauti ni dogo, mwenye intaneti ya kusuasua analipata. Inanichukua muda mfupi kuliko kuandika, kwakweli.

Kuna mtaalamu wa elimu masafa, Michael Moore, ambaye miaka mingi amekuwa akisema umbali unaotesa siyo wa kilomita, ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na pengo hilo linategemea mazungumzo yapo kiasi gani na kozi imepangiliwa kiasi gani. Ukiangalia kwa jicho hilo utaona kwanini watu wenu wanapotelea kwenye tasnifu, siyo kwenye kozi. Kwenye kozi kuna wiki ya kwanza, wiki ya pili, jaribio, tarehe. Mtu akifika kwenye utafiti ratiba inaisha siku moja, na mazungumzo nayo yanabaki kwa mtu mmoja tu, mimi, ambaye nina madarasa na watahiniwa na vikao. Vyote viwili vinamponyoka kwa pamoja.

Kwahiyo mwakilishi, mimi ningedai mkataba wa usimamizi. Karatasi moja. Kazi ikitumwa inajibiwa ndani ya siku ngapi za kazi (mimi naona 15 ni haki kwa sura nzima), mnakutana mara ngapi, na baada ya kila kikao mwanafunzi anaandika nusu ukurasa wa mliyokubaliana anautuma. Ila uwe na ujasiri wa kusema na la pili: saa za kumsimamia mwanafunzi wa masafa zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mwalimu. Zisipohesabiwa huo mkataba tutausaini na hatutaufuata, nakwambia ukweli.

---

Nilipambana_Nikamaliza:

Mi nitatofautiana kidogo na wote. Nilisoma masta kwa masafa, nikamaliza, hakuna aliyenipigia simu hata siku moja. Mtu wa uzamili ni mtu mzima, ana kazi, ana familia, aliingia kwa hiari yake akijua ni masafa. Tukianza kudai chuo kitufuate fuate tutafanana na watoto wa shule na shahada zetu zitadharauliwa. Tudai mifumo ifanye kazi, portali, maktaba, malipo. Mengine mtu apambane.

---

Mama_Disetesheni:

@Nilipambana_Nikamaliza hongera ya kumaliza, kwa moyo mweupe kabisa. Ila nikujibu maana na mimi ni mtu mzima na niliacha mwaka mzima.

Sikuacha kwa sababu sikuweza. Mzazi wangu aliugua, nikawa nauguza usiku, mchana niko kazini, na kila nikifungua laptopu naona faili limeandikwa "SURA_3_mwisho_kabisa" lina tarehe ya miezi minne nyuma, nalifunga. Ukikaa wiki mbili bila kumwandikia msimamizi unajisikia vibaya kidogo. Ukikaa miezi miwili huwezi tena kuandika, utaanzaje, utasemaje. Sasa hapo ndo unisaidie, huyo mtu mzima aliyezama hivyo ndiye wa kuinuka aombe msaada? Mwenye nguvu ya kuomba msaada mara nyingi ndiye ambaye bado yuko sawa. Aliyezama hata imeili za chuo hafungui.

Na hiyo ya mtu ajipambanie siyo ngeni. Chuo Kikuu cha London kilipofungua shahada zake kwa watahiniwa wa nje mwaka 1858 ndo ilikuwa hivyohivyo, kajifundishe unakojua, sisi tunakusubiri kwenye mtihani. Zaidi ya miaka mia baadaye ndo Open University ya Uingereza ikaja kupokea wanafunzi wa kwanza, 1971, na hao toka mwanzo walikuwa na mwalimu wa kuwafuatilia. Hakuna anayesema shahada zao ni za watoto.

Mimi kilichonirudisha ni mratibu wa programu, alinipigia siku ya kawaida tu, hakuniuliza sura ya tatu imefika wapi. Aliniuliza, "Upo salama?" Nikalia kwenye simu mbele ya mtu nisiyewahi kumwona. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kwamba naweza kuahirisha masomo rasmi, kuna fomu, saa ya usajili inasimama, narudi nikiwa tayari. Mwaka mzima nilikuwa nahesabika mtoro wakati kulikuwa na njia ya heshima.

Tuliporudi wanne hivi tuliosimama tukaanzisha kikao chetu cha kuandika, Jumamosi asubuhi na Jumatano usiku, kamera zimezimwa kuokoa data, kila mtu anaandika kwenye chati atafanya nini, dakika 25 kimya, dakika 5 mapumziko, tena na tena mara nne. Hakuna mada wala mwezeshaji. Nilimaliza sura mbili kwenye vile vikao. Hicho chuo kingeweza kukiandaa kwa kiungo kimoja tu cha mkutano, lakini tulijianzishia wenyewe na wasio na marafiki hawakukipata.

---

Nasoma_kwa_Sauti:

Naomba nafasi ndogo tu. Mimi sioni, natumia NVDA kusoma skrini. Mwongozo wa kuandika tasnifu tuliotumiwa ni PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Programu yangu ikifika pale inaniambia ukurasa hauna maandishi. Kurasa zote. Fomu ya maadili ya utafiti vilevile. Nililazimika kumwomba mdogo wangu anisomee kwenye simu, jioni tatu.

Anayeandaa faili akilihifadhi kutoka kwenye Word yenyewe badala ya kuchapa na kuskani, limekwisha. Na faili hilo linakuwa dogo mara nyingi zaidi, kwahiyo na mwenye bando dogo anafaidika. Mwakilishi ukipata hata sentensi moja, sema hili.

---

Ofisi_ya_Nyuma:

Nafanya kazi kwenye ofisi kama hiyo iliyokuandikia "fika ofisini", siyo ya chuo chako nadhani, ila ingeweza kuwa mimi. Samahani kwa yaliyokupata.

Ujue aliyekujibu inawezekana hakuona popote kwamba wewe ni wa masafa. Kwetu foleni ya imeili inakuja jina, namba ya usajili, na ujumbe, aina ya masomo ipo kwenye mfumo mwingine ambao sina ruhusa ya kuufungua. Maneno ya kujibu tuliyorithi yameandikwa kwa mwanafunzi anayeweza kupanda ngazi akaja. Alan Tait aliwahi kuigawa sapoti ya mwanafunzi wa masafa katika mafungu matatu, mwaka 2000 hiyo: ya kimasomo, ya kihisia, na ya kimfumo, yaani taratibu na taarifa. Tunavyofanya kazi kila fungu lina ofisi yake na hatuongei. Ila kwa mwanafunzi linafika moja, kama lako: la kimfumo limekataa, likazima la kimasomo, na la kihisia limekuacha unaona labda hutakiwi.

Dawa ambayo mimi nimeiona ikifanya kazi ni mtu mmoja mwenye jina. Siyo dawati, siyo anwani ya "msaada@". Mtu, mwenye orodha ya wanafunzi wake, mwenye ruhusa ya kuona mifumo ya mafungu yote matatu na kupiga ile simu ya ndani. Yule dada yako wa idara nyingine, mpeni hiyo kazi rasmi! Na awe na saa za jioni mara mbili kwa wiki, maana mwanafunzi wa masafa saa za ofisi yuko kazini kwake, na wengine wako saa nyingine kabisa za dunia.

Halafu jambo moja la kitaalamu ambalo kamati huwa hawalijui. Watakwambia "tunao mfumo wa kuwagundua wanaopotea", kwa sababu Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, inaonyesha kila mtu mara ya mwisho aliingia lini kwenye kozi. Kweli inaonyesha. Lakini mtu akiwa kwenye tasnifu hana kozi ya kuingia! Kwahiyo mfumo unamwona vizuri yule wa mwaka wa kwanza ambaye hata hivyo ana walimu watano, halafu yule wa mwaka wa tatu aliye peke yake haumwoni kabisa. Ungedai fomu fupi ya kila mwezi kwa walio kwenye utafiti, maswali mawili, mmewasiliana na msimamizi mwezi huu, na kuna kilichokukwamisha. Asiyejaza miezi miwili mfululizo ndiye anayepigiwa. Hapo ungempata yule mwenzako ambaye hajarudi.

---

Nilipambana_Nikamaliza:

@Mama_Disetesheni nimekusoma mara mbili. Hiyo ya fomu ya kuahirisha sikuijua na mimi, na ninao wenzangu wawili nilioanza nao waliacha, sikuwahi kuwauliza kwanini, nilijichukulia tu kwamba walishindwa. Nafuta ile ya watoto wa shule. Mwakilishi weka hilo la kuahirisha kwenye mwongozo, ukurasa wa mbele.

---

Mwakilishi_MwakaWaPili:

Wakuu nimeshindwa kulala nikiwasoma. Nilikuja na wazo la portali mpya na sasa naona portali ingebadilishwa na bado tungepotea.

Nimeamua hivi. La kwanza, mtu mwenye jina, na fomu ya maswali mawili kila mwezi aishike yeye, kwa walio kwenye tasnifu kwanza. La pili, siku 60 za akaunti kubaki wazi pamoja na wale wanaosubiri watahini. @Supavaiza_Mmoja mkataba wa usimamizi naupeleka kama la tatu na ile ya mzigo wa kazi nitaisema ila naomba ruhusa nisimulie ile sura nyekundu bila kukutaja, nadhani itawafika kuliko hoja yoyote niliyonayo. @Nasoma_kwa_Sauti lako sisubiri kikao, leo nimemwandikia anayetunza mwongozo nimemwomba faili la Word, akinipa nalituma kwako kwanza ulijaribu kabla halijaenda kwa wengine.

@Mkutubi_wa_Nje nimeweka Unpaywall, makala nne kati ya zile saba zilizonifungia zimefunguka.

Na yule mwenzetu nimempigia jana jioni. Hakupokea. Nimemtumia ujumbe wa sauti, sikumgusia masomo, nimemuuliza tu kama yupo salama. Saa mbili usiku tiki zimegeuka bluu. Nampigia tena Jumapili.